Ni nani anayepasha moto sanduku la kakao?



Tulipokuwa tukipita vituo vya kuchachushia kakao upande wa Bulongo na Mutwanga, mama mmoja alifunua majani ya ndizi juu ya sanduku lake, akaingiza mkono mpaka kiwiko, akautoa mbio. Ilikuwa siku ya tatu, saa chache baada ya kupindua. "Agronomu," akaniuliza, "hii moto inatoka wapi? Hakuna makala, hakuna jiko, na juzi ilikuwa baridi." Wenzake wakacheka. Mzee mmoja akasema ni majani ya ndizi ndiyo yanaleta joto. Mwingine akasema ni jua. Lakini sanduku lilikuwa chini ya hangari, na jua la Ruwenzori siku ile halikuonekana kabisa, mawingu tu.

Nilimjibu kwa neno moja: hamira, ile tunayoita levire. Akaniangalia kwa jicho la mtu aliyelipia kilo akapimiwa nusu. "Levire ya mukate? Nani aliiweka humu? Na inafanya je mpaka inaunguza mutu?"

Hakuwa na kosa. Jibu langu lilikuwa nusu. Nikamwahidi kuandika jibu zima katika gazeti hili. Jibu hilo linatupeleka mbali kidogo, mpaka ndani ya kiumbe ambacho jicho halikioni, lakini linarudi kwenye sanduku na kwenye bei. Tuvumiliane.

Kwanza, hakuna aliyeiweka

Wazee wetu wanaotengeneza kasiksi wanajua jambo hili tangu zamani. Unakamua ndizi, unachanganya na unga wa mtama, unafunika, na kesho yake mtumbwi unatoa povu. Hakuna aliyeenda sokoni Butembo kununua levire ya pakiti. Ilikuwa tayari kwenye mtama, kwenye maganda, kwenye mbao za mtumbwi uliotumika juma lililopita.

Kakao ni vilevile. Ndani ya tunda zima lisilopasuka, utando mweupe unaozunguka mbegu ni safi, karibu hauna mdudu hata mmoja. Unapolipasua tunda, hamira zinaingia kutoka kwenye ganda la nje, kwenye panga, kwenye mikono, kwenye ndobo, kwenye mbao za sanduku. Watafiti waliochunguza kakao katika nchi nyingi zinazoilima wamekuta aina kadhaa za hamira, na mara nyingi mojawapo ni Saccharomyces cerevisiae, yaani ndugu kabisa wa levire ya mkate na ya bia. Baada ya siku moja zinakuwa mamilioni katika kila gramu. Ndiyo maana tunasema sanduku lisafishwe kwa maji na brashi, lakini lisioshwe kwa sabuni ya unga. Mbao za sanduku ndiyo nyumba ya mbegu zako za hamira.

Utando ule mweupe ni chakula chao. Una maji mengi, sukari kati ya sehemu 10 na 15 kwa 100, na ukali wa aina ya limau. Ukali ule unafukuza bakteria wengi mwanzoni, lakini hamira hausumbui. Kwa hiyo siku mbili za kwanza sanduku ni mali ya hamira. Zinakula sukari, zinatoa pombe na hewa ile inayofanya povu. Joto linapanda polepole. Utando unayeyuka, maji yanadondoka chini ya sanduku, na nafasi zinabaki kati ya mbegu. Halafu unapindua, hewa mpya inaingia katika nafasi zile, na bakteria wa siki wanaishika pombe na kuigeuza kuwa siki. Kazi hiyo ndiyo inayotoa moto mkali, nyuzi 45 mpaka 50. Ule moto uliomkimbiza mama yetu, basi, uliwashwa na bakteria wa siki, lakini kuni zake ni pombe, na pombe ililetwa na hamira.

Hiyo ndiyo nusu iliyokosekana. Sasa lile swali gumu: hamira inafanya je?

Seli moja, mizigo mingi

Hamira ni kiumbe cha seli moja tu. Sisi tuna seli nyingi sana; yenyewe ni moja, na ndani ya hiyo moja kuna kila kitu. Ni ndogo hivi kwamba ukipanga 200 kwa mstari, mstari huo unafika milimita moja.

Sasa, kiumbe chenye ukuta pande zote, kisicho na mdomo wala mikono, kinakulaje sukari iliyo nje? Sukari ndogo, ile inayoitwa glukosi, inapita kwenye vilango vyake moja kwa moja. Lakini sukari ya aina ile tunayoweka kwenye chai, sukrosi, ni vipande viwili vilivyoshikana. Hamira inabidi itume mkasi nje ya seli, uikate kwanza. Mkasi huo ni kimeng'enya kinachoitwa invertasi. Kuna hamira nyingine zinazotuma mkasi wa aina nyingine, unaokata ile gundi inayoshikilia utando wa kakao. Utando unapolegea na maji yakaanza kudondoka chini ya sanduku lako, jua kwamba mikasi imefika nje.

Na mkasi haupiti ukutani wenyewe. Unatengenezwa ndani, kwenye sehemu iliyo kama kiwanda. Kutoka pale unafungwa ndani ya kifuko kidogo, unapelekwa kwenye depo ambapo mizigo inapangwa na kutiwa alama (depo hiyo inaitwa Golgi, jina la daktari wa Italia aliyeiona kwanza, mwaka 1898). Kutoka depo unafungwa tena ndani ya kifuko kingine, na kifuko hicho kinabebwa juu ya kamba nyembamba mpaka ukutani. Anayekibeba ni protini yenye miguu miwili, inayotembea juu ya kamba hatua kwa hatua. Siongezi chumvi, ndivyo ilivyo. Kifuko kikifika ukutani kinaungana nao, kinafunguka upande wa nje, na mkasi unatoka. Kila kifuko ni kidogo kiasi kwamba 10.000 kwa mstari ndivyo vinavyotimiza milimita moja.

Vifuko hivyo vina kazi ya pili. Hamira inazaa kwa kuchipua: kichipukizi kinatoka ubavuni, kinakua, kinajitenga. Ngozi ya kichipukizi inaletwa na vifuko vilevile, kila kifuko kinachoungana na ukuta kinaongeza kipande. Vifuko vikisimama, mkasi hautoki na mtoto hazaliwi.

Tulijuaje haya yote? Kwa sehemu kubwa ni kwa sababu ya hamira zilizoharibika. Miaka ya mwisho ya 1970, katika chuo kikuu cha California kule Berkeley, Marekani, Randy Schekman na mwanafunzi wake Peter Novick walitafuta hamira zenye kasoro moja ya ajabu: kwenye nyuzi 25 zinaishi vizuri, lakini ukizipeleka kwenye nyuzi 37 zinashindwa kutoa mizigo nje. Walipoziangalia kwa darubini kali wakakuta zimejaa vifuko mpaka shingoni, kama njia ya magari ambayo daraja limekatika. Invertasi ilikuwa ndani, imekwama. Seli zilizojaa hivyo zinakuwa nzito kwa ukubwa wake, na uzito huo ndio walioutumia kuzichagua, kama vile tunavyotia mbegu ndani ya maji kutenga nzuri na tupu. Mwaka 1980 walikuwa wamepata jeni 23 ambazo kila moja ikiharibika, safari inakatika mahali fulani. Schekman alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2013, pamoja na James Rothman na Thomas Südhof. Kumbe jeni nyingi kati ya hizo zina ndugu zao ndani ya mwili wa mwanadamu. Njia inayopitisha invertasi ya hamira inafanana na ile inayotoa insulini kwenye kongosho lako.

Kashe ya fosfati

Nani kati yetu hajasimama kwenye bariere? Unafika na pikipiki, mzigo nyuma, kamba imekatiza njia. Bila kashe kwenye karatasi kamba haishuki. Na karatasi nyingine ikipigwa kashe, ndiyo inakuzuia kabisa. Yote inategemea ni karatasi gani.

Ndani ya hamira kuna bariere vilevile, na kashe yake ni fosfati. Fosfati ni ile ile ya kwenye saki la mbolea: ukisoma NPK 17-17-17, P ya katikati ndiyo yenyewe. Shambani tunaijua kama chakula cha mizizi. Ndani ya seli ina kazi ya mwandishi wa ofisi. Kuna protini zinazoitwa kinasi. Zinachukua kipande cha fosfati kutoka kwenye ATP, ambayo ndiyo akiba ya nguvu ya seli, na kukibandika juu ya protini nyingine. Protini iliyobandikwa inabadilika umbo kidogo, na kazi yake inabadilika: iliyolala inaamka, iliyoshikana inaachana, iliyokuwa hapa inahamia kule. Kuna nyingine zinazoitwa fosfatasi, kazi yao ni kuibandua ile kashe. Tendo la kubandika ndilo wanasayansi wanaloliita fosforilasio. Edmond Fischer na Edwin Krebs waliligundua miaka ya 1950 wakichunguza misuli ya sungura, wakapewa Nobel mwaka 1992. Hamira peke yake ina kinasi zaidi ya 100. Tofauti na kashe ya bariere zetu, hii inafutika kwa sekunde, na hakuna anayeomba pesa ya chai.

Acha nioneshe mahali panne ambapo kashe hiyo inaamua safari ya vifuko. Majina si lazima kuyakariri.

Pa kwanza ni kabla safari haijaanza. Hamira haitengenezi mkasi wa sukrosi bure. Wakati glukosi ni nyingi, protini inayoitwa Mig1 inakaa juu ya jeni ya invertasi kama mtu aliyekalia sanduku. Glukosi ikipungua, kinasi inayoitwa Snf1 inaamka na kuipiga Mig1 kashe. Mig1 inanyanyuka, inatoka nje ya kiini cha seli, jeni inafunguka, mikasi inaanza kutengenezwa na kufungwa ndani ya vifuko.

Pa pili ni njiani kati ya kiwanda na depo. Kifuko kinavaa koti la protini, na moja ya protini za koti hilo ni Sec23. Mwaka 2011 watafiti walionyesha kwamba kifuko kikifika depo, kinasi inayokaa pale, Hrr25, inaipiga Sec23 kashe. Faida yake ni mwelekeo: kifuko kinashusha mzigo pale kilipotumwa, hakigeuki na kurudi kiwandani kilikotoka. Kama mzigo wa Butembo umefika Beni, karatasi inapigwa "umefika", dereva hawezi tena kuurudisha na kusema ndiyo anauleta.

Pa tatu ni mlangoni, ukutani. Pale kuna protini zinazoitwa Sso, ambazo lazima zishikane na wenzao wa kwenye kifuko ndipo viungane. Zikiwa na kashe ya fosfati hazishikani vizuri, mlango unakaa. Fosfatasi ikiiondoa kashe, mlango unafunguka. Hapa, basi, kashe ndiyo inayozuia. Nakumbusha tu, kwa sababu mara nyingi watu wakisikia habari hii wanadhani kashe maana yake "pita". Sivyo.

Pa nne napenda kuliko yote. Karibu na mlango kuna kikundi cha protini nane kinachokamata kifuko kinapofika, kama vijana wanaopokea saki kwenye gari. Wakati hamira inapogawanya kiini chake kwa mtoto, kinasi kubwa ya kugawanyika kwa seli, Cdk1, inampiga kashe mmoja wa wale nane, Exo84. Kikundi kinatawanyika. Vifuko havipokelewi, ukuta hauongezeki kwa muda ule. Hili lilionyeshwa mwaka 2013. Ni kama nyumba yenye msiba: duka linafungwa kwanza, jambo kubwa limalizike, ndipo biashara irudi.

Haya yote yalichunguzwa ndani ya hamira za maabara, kwenye vichupa safi, si kwenye masanduku ya Mutwanga. Sanduku letu lina aina nyingi zinazogombania chakula kimoja. Lakini njia ya vifuko ni ile ile, maana bila hiyo hakuna hamira inayoishi.

Sasa turudi kwenye panga na sanduku

Mtu atauliza: tukishajua hivi, ndiyo nini? Mkulima hawezi kushika kinasi kwa mkono.

Hawezi. Lakini ndiye anayechagua mambo ambayo kinasi zinayasoma: sukari gani ipo, kiasi gani, joto gani, muda gani.

Chukua tunda bichi. Tunda ambalo halijaiva lina sukari kidogo, na sehemu kubwa ya sukari hiyo ni sukrosi. Kadiri linavyoiva, sukrosi inakatwa ndani ya tunda lenyewe na kuwa glukosi na fruktosi, na utando unakuwa na maji. Ukipasua tunda lililoiva, hamira zinakuta meza imeandaliwa. Ukipasua bichi, zinakuta chakula kidogo, kilichofungwa, na lazima kwanza zitengeneze mikasi, zifunge vifuko, zisafirishe. Utando wenyewe ni mkavu, haudondoki, hewa haipiti baada ya kupindua. Joto halipandi inavyotakiwa. Mbegu za ndani hazifi vizuri, hazigeuki rangi. Ukizikata zina rangi ya kijivu kama jiwe la kuandikia.

Na hapo ndipo pesa inapopotea. Kanuni ya kimataifa ya kakao inasema hivi: wanachukua punje 300, wanazikata moja moja kwa urefu. Daraja la kwanza haliruhusu zaidi ya 3 kwa 100 za kijivu, maana yake punje 9 tu katika zile 300. Daraja la pili linaruhusu 8 kwa 100, yaani punje 24. Zaidi ya hapo hakuna daraja. Mwanachama mmoja akileta ndobo mbili za matunda mabichi na kuyamwaga ndani ya sanduku la wote, punje zake zinaweza kutosha kuliangusha sanduku zima. Nimeliona sanduku la namna hiyo. Watu 11 walileta kakao nzuri, wakalipwa sawasawa na yule wa 12.

Najua kwa nini matunda mabichi yanavunwa, na sitaki kuandika kama mtu asiyejua. Tangu mwaka 2014 watu wa teritwari ya Beni wameuawa shambani, wengi wamekimbia vijiji vyao. Anayepata asubuhi moja ya utulivu kwenda shamba lake haulizi tunda hili limeiva au bado. Anakata yote, kwa sababu hajui kama atarudi, na kwa sababu akiliacha atalivuna mwingine. Halafu mwaka 2024 bei ya dunia ilipita dola 10.000 kwa tani, na wanunuzi wakawa wanachukua kila kitu njiani, mbichi, yenye maji, isiyochachushwa. Kumwambia mtu huyo "vuna lililoiva tu" bila kuongeza kitu ni kumdharau.

Basi tuongeze. Ukilazimika kukata yote, tenga. Yaliyoiva upande huu, ya kijani upande ule, na kila upande upasuliwe peke yake, usichanganywe ndani ya sanduku moja. Kama unaweza kubeba matunda mazima mpaka mahali penye usalama, tunda zima lenye afya linaweza kungoja siku 3 au 4 kabla ya kupasuliwa bila hasara. Mbegu zikishatoka nje ya ganda haziwezi kungoja: hamira zimekwisha kuingia, saa imeanza kuhesabu. Mbegu za leo na za juzi zikichanganywa, nusu ya sanduku iko kwenye pombe na nusu bado inatafuta sukari. Ukipindua, unawafaa wa juzi na kuwaharibia wa leo. Hapo ndipo kituo cha kooperative kinapokuwa na maana. Kilo 15 za mtu mmoja ndani ya ndobo hazipati joto, zinapoa usiku. Kilo 15 za watu 12, zilizopasuliwa siku moja na kufika jioni ile ile, zinajaza sanduku.

Joto nalo lina maneno yake. Zile hamira za Schekman zilishindwa kwenye nyuzi 37 kwa sababu zilikuwa na kasoro; zilizo nzima zinavumilia kidogo zaidi. Lakini kwenye sanduku, joto likizidi hapo na pombe ikazidi, hamira nyingi zinakufa. Ni sawa, zimemaliza zamu. Ubaya ni zikifa au zikilala mapema. Milima inayoelekea Ruwenzori ina usiku wa baridi, na baridi inachelewesha kila kitu: kinasi, vifuko, miguu ya zile protini zinazotembea juu ya kamba. Kwa hiyo majani ya ndizi yale mzee aliyoyasema hayaleti joto, lakini yanalinda joto linalozaliwa ndani. Alikosea sababu, hakukosea kazi. Weka tabaka nene, juu yake magunia, usiku wa kwanza hasa.

Na kupindua kabla ya saa 48? Wapo wanaopindua kesho yake asubuhi, wakidhani wanasaidia. Hewa ikiingia mapema, bakteria wa siki wanaanza kabla pombe haijatosha na kabla utando haujalegea. Ngoja siku mbili. Halafu pindua, na baada ya hapo kila siku moja au mbili, kwa jumla siku 5 mpaka 7. Anika mpaka unyevu ubaki 7 au 8 kwa 100.

Wengine wametuuliza kama wanaweza kununua pakiti ya levire ya mkate Butembo na kuimwaga ndani ya sanduku ili kazi iende mbio. Sioni haja. Hamira ambazo zimezoea utando wa kakao ziko tayari kwenye maganda na kwenye mbao zako, na pakiti haiwezi kuliivisha tunda bichi wala kuliongezea sukari. Pesa hiyo ni afadhali inunue turubai ya kuanikia.

Wanaofua kahawa kwenye vituo vidogo vya Ruwenzori na Lubero, wanachama wa Kawa Kanzururu na wengine, watakuwa wametambua habari yao humu. Ule ute unaoteleza juu ya punje ya kahawa baada ya kumenya una gundi ya aina ile ile, na kwenye beseni unakatwa na mikasi ya hamira na bakteria, inayotoka nje ya seli zao. Tofauti ni kwamba kwenye kahawa tunataka ute tu uondoke, halafu tunaosha haraka. Kwenye kakao tunataka mpaka mbegu yenyewe ife.

Nilirudi kumsomea mama yule karatasi hii kabla haijachapwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama ndani ya mbegu ya kakao nako kuna vifuko. Nikamwambia ndiyo. Mbegu nayo ina seli, na ndani ya seli zake protini inakaa chumba kimoja, rangi ya zambarau yenye uchungu inakaa chumba kingine, mkasi wa kuikata protini unakaa mbali nayo. Siki na joto vinapoingia, kuta za vyumba vinavunjika, na vitu vilivyotengwa vinakutana. Hapo ndipo harufu ya chokoleti inapoanza kutengenezwa, kabla hata ya kukaanga.

Akachukua kisu, akatoa punje moja ya siku ya sita kutoka kwenye sanduku la jirani yake, akaipasua kwa urefu kwenye kiganja. Ilikuwa ya kahawia, imepasukapasuka ndani kama udongo wa kiangazi. Akaichunguza, akaitupa kwenye turubai, akachukua nyingine.